Mtandao wa Shule Usiwe Pambo la Uzinduzi

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba mtoto wa mkulima wa maharage wa Titye, katika nyanda za juu za Kasulu mkoani Kigoma, na mtoto wa mfanyakazi wa Dar es Salaam hufanya mtihani mmoja wa Taifa. Maswali hutungwa na Baraza moja, siku ni ile ile, na kipimo cha kusahihishia ni kimoja. Linalowatenganisha ni miaka inayotangulia mtihani. Mmoja anaweza kuwa amezoea kutafuta jambo asilolijua, akalisoma, akalipima na kuliandika kwa mashine. Mwenzake huenda akamaliza kidato cha nne akiwa ameiona kompyuta ya shule kupitia dirisha la chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Kufuli hilo linastahili kutazamwa kwa makini na kila Halmashauri ya Wilaya inapokaa kupanga makisio ya mwaka, na hasa Halmashauri za nyanda hizo, Kasulu, Kibondo na jirani zao, ambako kila shilingi inagombaniwa na kazi tatu. Wala chumba hakikufungwa kwa uchoyo. Mkuu wa Shule aliyekabidhiwa kompyuta kumi kwa hati na saini anajua kwamba moja ikiharibika ataulizwa yeye. Anajua pia kwamba hana fundi, hana fungu la matengenezo, wala hana mwalimu aliyefundishwa kuzitunza. Afanyeje? Huzifungia. Mwaka wa kwanza chumba hufunguliwa akija mgeni. Mwaka wa pili betri zimekufa. Mwaka wa tatu mashine zimeingizwa katika daftari la mali chakavu, na taarifa ya wilaya bado inasema kwamba shule ina chumba cha kompyuta.

Nchi hii imekwisha kuonja machungu ya namna hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka michache baadaye ikakusudiwa kubeba kazi ya hesabu za Serikali. Kazi hiyo haikufaulu. Mfumo ulisimikwa bila ya kuwapo wataalamu wazalendo wa kutosha kuuendesha, hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwisho wake makarani wakarudia vitabu na kalamu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu, na miaka mingi ikapita kabla marufuku hiyo haijalegezwa. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, ndipo lilipotolewa Azimio la Musoma, lililoamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule ya msingi apate nafasi. Taifa likafungua mlango wa darasa kwa watoto wote na kufunga mlango wa mashine, na pengine kwa hali ya wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Lakini wale waliotoka katika mkasa ule wakiamini kwamba kosa lilikuwa la mashine walijifunza somo lisilo sahihi. Mashine haikujileta yenyewe. Ililetwa kabla ya kuandaliwa watu wa kuiendesha.

Mlango huo sasa uko wazi. Muhtasari wa somo la kompyuta kwa shule za sekondari uliandaliwa katikati ya miaka ya 1990. Sera ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA, kwa elimu ya msingi ikatolewa mwaka 2007. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umepeleka kompyuta katika shule nyingi za umma, chache chache kwa kila shule. Na baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa, zaidi ya laki mbili, vilielekezwa kwa walimu. Katika nyanda za juu za Kigoma kilikuwapo kisingizio kimoja zaidi, nacho kilikuwa cha kweli: umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea jenereta za dizeli, na dizeli ikichelewa njiani taa huzimika. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kasulu na jenereta zikazimwa. Ziko shule ambazo nguzo zinapita jirani na waya haujaingia darasani, na hizo hazina budi kushughulikiwa kwanza; ila kwa wilaya nzima kisingizio hicho hakiwezi tena kusemwa kwa sauti ile ya zamani.

Kinabaki kikwazo cha fedha, na hapa hesabu ni bora kuliko hotuba. Katika utaratibu wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari iliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, nusu yake ikizuiliwa kwa ajili ya vitabu na nusu, yaani 12,500, ikipelekwa shuleni. Ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa 10,000, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Kwa viwango hivyo, shule ya sekondari yenye wanafunzi 500 hupata shilingi 6,250,000 kwa mwaka mzima, na shule ya msingi yenye watoto 600 hupata 3,600,000. Humo zimo chaki, karatasi za mitihani, mipira ya michezo, bawaba za milango na bati lililong'olewa na upepo. Ikiwa shule hiyo ya msingi itajifunga kulipa laki moja tu kila mwezi kwa ajili ya intaneti, theluthi nzima ya fedha zake itakwisha humo. Kwa sekondari ni karibu sehemu moja ya tano. Hakuna Mwalimu Mkuu mwenye busara atakayefanya hivyo, na akifanya, wazazi wana haki ya kumwita mkutanoni ajieleze.

Kwa sababu hiyo mpango wowote wa mtandao wa shule unaoanza kwa kununua intaneti ni nyumba inayojengwa kuanzia paa. Mtandao una sehemu mbili, na watu wengi, wakiwamo viongozi wanaoidhinisha fedha, huzichanganya. Ipo njia ya kutoka shuleni kwenda ulimwenguni, ambayo hulipiwa kila mwezi hata kama haikutumika. Na upo mtandao wa ndani: nyaya na mitambo midogo inayoziunganisha kompyuta za shule moja, chumba hadi chumba, kwa kompyuta moja iliyo kama ghala, ambayo mafundi huiita seva na ambayo inaweza kuitwa kompyuta mama. Huu wa ndani hulipiwa mara moja. Baada ya hapo gharama yake ni umeme na matunzo.

Faida yake inaonekana katika hesabu ndogo sana. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake. Chukua kitabu kimoja chenye ukubwa wa megabaiti 20. Wanafunzi 40 wakikivuta kila mmoja peke yake kutoka nje, shule italipia megabaiti 800. Na kwa njia nyembamba ya simu, kipindi kitakwisha kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguka. Kitabu hicho kikivutwa mara moja usiku na kuwekwa katika kompyuta mama, wanafunzi hao 40 watakifungua asubuhi kwa kufumba na kufumbua, na mwakani wengine 40 watakifungua bila ya shule kulipa hata senti. Vivyo hivyo kwa mitihani ya miaka iliyopita, kamusi, ramani, picha za mwili wa binadamu na michoro ya fizikia. Shule yenye kompyuta mama na isiyo na intaneti ina maktaba. Shule yenye intaneti na isiyo na mtandao wa ndani ina simu moja kubwa katika ofisi ya Mkuu wa Shule.

Mfano wa jambo hili hauko mbali na Titye. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kasulu iko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Mfuko wa Vodafone, walioanza mpango wao wa shule za mtandao mwaka 2013, walipeleka humo vishikwambi, projekta na mitambo ya kuunganisha darasa, masomo yakiwa yamehifadhiwa ndani ya vifaa vyenyewe ili yasome hata njia ya nje inapokatika, na mwalimu mmoja akipewa jukumu la kuwasaidia wenzake. Hayo yalifanyika chini ya maturubai na mabati, kwa watoto walioingia nchini mikono mitupu. Haiingii akilini kwamba shule ya kijiji yenye kuta za matofali ya kuchoma, yaliyofyatuliwa na wazazi wenyewe, iseme haiwezi.

Na hata kabla ya mashine hizi, Tanzania ilikwisha kuonyesha jinsi chombo kimoja kinavyoweza kuwafikia wengi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza kwa redio, na bila shaka hapakuwa na redio milioni mbili. Watu walikaa katika vikundi, redio moja katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Anayeuliza leo jinsi kompyuta kumi zitakavyowatosha wanafunzi 500 ajibiwe kwa mfano huo. Wanafunzi watatu kwa mashine moja, mmoja akiandika na wawili wakimsahihisha, hujifunza vizuri, na walimu waliofundisha kwa uhaba wanalijua hilo kuliko wauzaji wa vifaa.

Yako mambo ya ufundi ambayo viongozi hudhani si yao, wakayaacha kwa mkandarasi, na humo ndimo fedha za umma hupotelea. Kebo ya shaba inayotumika kuunganisha kompyuta haifai kupita mita 100 kwa urefu. Ikizidi hapo mawasiliano hulegea na kukatika. Shule nyingi za vijijini zimejengwa kwa kutawanyika: maabara huku, utawala kule, jengo jipya ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mkandarasi asiyejali hutandaza shaba mita 140 angani kutoka paa hadi paa, hupokea malipo yake na kuondoka. Msimu wa mvua unafika, na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zinajulikana kwa radi. Shaba iliyotundikwa baina ya majengo mawili huialika radi kuingia katika kila mashine iliyofungwa kwenye waya huo, na kwa pigo moja shule inaweza kupoteza chumba kizima.

Baina ya majengo, kwa hiyo, pasitumike shaba. Nyuzi za kioo, zile zile zinazotumika katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, hazipitishi umeme na huenda mbali mara nyingi zaidi ya shaba. Zamani zilikuwa ghali. Siku hizi tofauti ya bei kwa mita mia mbili ni ndogo kuliko thamani ya kompyuta mbili zilizoungua. Kazi yenye gharama ni mfereji, na mfereji ni kazi ambayo wananchi wa nyanda hizo hawahitaji kufundishwa. Mfereji wa kina cha nusu mita kutoka ofisini hadi maabara, bomba la plastiki ndani yake, mchanga juu, ni kazi ya Jumamosi moja kwa wazazi wa vitongoji viwili, na thamani ya nguvu zao iandikwe katika hesabu za mradi kama mchango wao. Kwa upande wa umeme, chumba kiwe na waya wa kupeleka radi ardhini uliozikwa barabara na kupimwa, kisiwe kipande cha nondo kilichochomekwa ukutani ili mkaguzi aridhike. Mashine zisifungwe moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani bila ya kifaa cha kusawazisha nguvu yake. Vitu hivi havipigwi picha siku ya uzinduzi. Pengine ndiyo maana husahauliwa.

Kuhusu kompyuta zenyewe, jambo moja linahitaji tahadhari ya haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazikidhi masharti ya mfumo ulioufuata. Wafanyabiashara wamekwisha kuliona soko hilo. Halmashauri zitaletewa barua zenye maneno ya kutisha zikisema kwamba kompyuta zote za shule zimepitwa na wakati na zinunuliwe mpya. Barua hizo zijibiwe kwa utulivu. Mashine ya mwaka 2015 yenye afya, ikiwekewa mfumo huria usiolipiwa, na ikiongezewa kumbukumbu kwa gharama ndogo, inaweza kumfundisha mtoto wa Titye kuandika, kukokotoa, kuchora na kutunga programu kwa miaka mingine kadhaa. Mmoja wa mifumo hiyo, Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kundi lililoanzishwa na mzaliwa wa Afrika Kusini, una jina ambalo Mbantu yeyote halihitaji kutafsiriwa. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Wapo walioicheka wakati ule, wakisema kwamba kompyuta na Kiswahili haviendi pamoja. Hiyo ni kasumba. Mtoto wa nyanda hizo huzungumza Kiha nyumbani, husomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari; kumtaka ajifunze mashine mpya kwa lugha ya tatu siku ile ile anapoigusa kwa mara ya kwanza ni kumwongezea mzigo bila sababu.

Hapa pana jambo jingine ambalo halisemwi hadharani. Mifumo mingi ya kulipia iliyomo katika kompyuta za umma vijijini imewekwa kwa nakala za kuibia, mkononi mwa fundi wa mjini, na nakala hizo huja na virusi vinavyohamishwa na diski mweko kutoka shule hadi ofisi ya kata na kurudi. Kazi ya muhula mzima ya mwalimu hufutika kwa usiku mmoja. Mfumo huria hauondoi hatari zote, lakini unaondoa sababu ya kuiba.

Njia ya kwenda ulimwenguni nayo itahitajika, maana taarifa za shule na za walimu sasa hutumwa kwa mitandao ya Serikali, na mwalimu anayepanda pikipiki hadi mjini ili kutuma takwimu za mahudhurio huacha vipindi vyake bila mtu. Lakini hakuna sababu ya kila shule kununua njia yake. Vijiji vingi vya nyanda hizo vilipangwa kandokando ya barabara wakati wa Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972. Wapo walioumia katika uhamisho ule na hilo lisifichwe. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba shule, zahanati na ofisi ya kijiji mara nyingi zimekaa karibu karibu. Njia moja nzuri, ikiingia katika shule ya sekondari ya kata, inaweza kugawiwa shule za msingi, zahanati na ofisi ya kata kwa antena ndogo zinazotazamana, kilima kwa kilima. Antena za namna hiyo huvuka kilometa kadhaa, mradi pasiwe na kizuizi katikati, na katika nchi yenye miinuko kama Kasulu mahali pa kuziweka hapakosekani. Jambo hilo si ndoto. Katikati ya miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden walijaribu katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara, kuziunganisha shule, hospitali na ofisi za Halmashauri katika mtandao mmoja wa pamoja, kwa kutumia nyuzi za kioo na antena. Swali lililokuwa likipimwa kule ndilo linaloikabili Kasulu leo: je, taasisi za umma za wilaya ya wakulima zinaweza kuchangia njia moja na gharama zake, badala ya kila moja kuhangaika peke yake?

Zinaweza, ikiwa urasimu utaruhusu. Fedha za shule ziko fungu moja, za zahanati fungu jingine, za ofisi ya kata fungu la tatu, na kila mweka hazina hulinda lake. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ndiye mwenye mamlaka ya kuyakutanisha mafungu hayo mezani. Zahanati, shule nne na ofisi ya kata zikichangia laki moja na ishirini elfu kwa mwezi, kila mmoja hubeba elfu ishirini. Kwa shule ile ya msingi ya watoto 600 hiyo ni shilingi 240,000 kwa mwaka, badala ya ile milioni moja na laki mbili.

Linalobaki ni watu, na ndilo kubwa kuliko yote. Kompyuta moja yenye mwalimu ina thamani kuliko ishirini zisizo naye. Kasulu imejaliwa vyuo viwili vya ualimu vya Serikali, Kasulu na Kabanga, na vyuo vya ualimu vya umma vilianza kupewa vyumba vya kompyuta kwa msaada wa Sweden kuanzia mwaka 2005. Ni ajabu basi kwamba shule iliyo mwendo wa saa chache tu kutoka katika vyuo hivyo imtafute fundi wa kubadilisha swichi kutoka Kigoma mjini au Mwanza. Wanachuo huenda shuleni kila mwaka kufanya mazoezi ya kufundisha. Wachache wenye ujuzi wapangwe kwa makusudi katika shule zenye kompyuta, na kazi yao ya kuzisafisha, kuziwekea mifumo na kumwelekeza mwalimu wa hapo ihesabiwe katika alama zao. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umegharimia mafunzo ya TEHAMA kwa walimu katika vyuo vikuu. Wakati wa kuchagua wa kwenda, Halmashauri imchague yule atakayebaki shuleni, isimchague aliyekwisha kuomba uhamisho. Lisifumbiwe macho hilo. Mwalimu akihama na ujuzi wake bila ya kuacha mrithi, chumba hurudi kwenye kufuli. Kwa hiyo kila shule iwe na walimu wawili, na pamoja nao kikundi cha wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wanaojua kuwasha kompyuta mama, kubadilisha kebo na kuandika katika daftari ni mashine gani imeharibika, siku gani, na imefanyiwa nini. Daftari hilo la shilingi elfu mbili lina faida kuliko mashauri mengi ya wataalamu wa kukodiwa.

Wafadhili na wafanyabiashara wenye nia njema wasikatishwe tamaa, lakini nao waelezwe ukweli. Anayetaka kutoa kompyuta hamsini kwa wilaya aombwe atoe ishirini na tano, na thamani ya nyingine ielekezwe kwenye kebo, betri, kinga ya radi na mafunzo. Akikataa kwa sababu kebo haionekani katika picha, basi Halmashauri itajua alichokuja kutafuta. Kadhalika kompyuta zilizochakaa Ulaya, zisizo na betri wala vipuri, zisipokewe kwa ngoma; shule haina budi kuwa na haki ya kukataa zawadi ambayo itaigharimu zaidi ya thamani yake.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio yake hupita katika Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Diwani wa Titye na wenzake wa kata jirani wakiletewa kifungu chenye maneno "ununuzi wa kompyuta za shule", wamwombe Afisa Elimu na Afisa TEHAMA wa wilaya wakirudishe kikiwa kimevunjwa vipande: mfereji na nyuzi kiasi gani, kinga ya radi kiasi gani, kompyuta mama moja kiasi gani, mashine za zamani zitakazofufuliwa ngapi, mafunzo ya walimu wangapi na kwa majina ya shule zao. Matengenezo nayo yawe na mstari wake wenye fedha, hata kama ni sehemu moja ya kumi ya fedha zote, na mstari huo usiguswe kununulia mafuta ya magari. Ufunguo wa chumba usikae katika mfuko wa mtu mmoja. Ratiba ibandikwe mlangoni, ikionyesha saa ambazo chumba kitakuwa wazi, alasiri na Jumamosi zikiwamo, na Mthibiti Ubora wa Shule atakapofika aanze kwa kuwauliza wanafunzi wa kidato cha kwanza ni lini mara ya mwisho waliingia humo.